Matembezi Kandokando ya Mto Karura

Ndugu zetu Waislamu, na nyinyi vijana wetu, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametuamrisha katika Sura ya Al-Ankabut tutembee katika ardhi, tutazame jinsi alivyoanzisha viumbe. Wengi hudhani amri hii ni ya matajiri wawezao kusafiri nchi za mbali. Lakini akaaye Nairobi ana mahali pa kutazama karibu na mlango wake, napo ni Msitu wa Karura, ulio kaskazini ya katikati ya mji. Tulikwenda huko pamoja na wanafunzi wetu wa madrasa na baadhi ya wazazi wao, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Msitu huu una hekta 1,041 hivi, na ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali mwaka 1932. Mgeni hulipa ada ya kuingia, kisha hufuata vibao vinavyoonyesha njia. Njia ya kando ya mto ni ya udongo, nayo ni nyepesi. Mama aliyevaa buibui na mzee mwenye bakora hupita bila taabu, wakiteremka kwa uangalifu mahali pa maporomoko tu.

Miti ndiyo inayompokea mtu kwanza. Yupo muhugu, ambao mbao yake ngumu hupendwa na wachonga vinyago. Upo mzeituni wa mwitu, jamaa wa ule mzeituni alioapia Mwenyezi Mungu katika Sura ya At-Tin. Watoto walipoambiwa hivyo waliuzunguka na kuyashika majani yake. Juu ya matawi huruka kima, na mbega weusi wenye manyoya marefu meupe, ambao kuanzia mwaka 2014 walihamishiwa hapa kutoka Kipipiri.

Mto ukipunguza mwendo, hukutana na vinamasi vya matete na mafunjo. Mtu asiyejua hukiona kinamasi kuwa ni tope la bure linalofaa kufukiwa. Kumbe kina kazi kubwa. Mvua ikinyesha kwa nguvu, hukipokea kile ambacho mto hauwezi kukichukua, kikakiachia polepole siku za kiangazi. Maji yakipita humo hutulia, udongo ukazama chini, na mizizi ikazuia sehemu ya uchafu. Kila kitu Mola wetu amekiumba kwa kipimo na hekima.

Mbele yake yako mapango, ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950, kisha maporomoko yenye urefu wa mita 15 hivi. Hapo tulipumzika, kwani wakati wa Adhuhuri ulikuwa umekaribia.

Kijana mmoja aliinama mtoni ili atawadhe, akasita. Alikuwa amesikia harufu ya maji machafu ya majumbani, na povu lilikuwa limeganda kwenye mawe. Tukawauliza wanafunzi hukumu yake. Wakajibu kama walivyofundishwa: maji yaliyobadilika kwa najisi, ikiwa ni rangi, ladha au harufu, hayatwaharishi. Basi tukatawadha kwa maji ya chupa, hali mto mzima unapita mbele yetu. Tukaelekea kibla, ambacho kutoka Nairobi ni kaskazini, kikipinda kidogo mashariki, tukasali chini ya miti.

Jambo hilo liliwahuzunisha watoto, wakauliza: msitu ni safi, uchafu watoka wapi? Jibu ni kwamba mto hauzaliwi msituni. Hupita kwanza katika mitaa ya watu, na kila nyumba hutia chake. Wala hauishii hapa. Maji haya huungana na mito ya Nairobi, yakaingia Mto Athi, nao mbele huitwa Galana, kisha Sabaki, hata kumwagika baharini kaskazini ya Malindi. Na kabla ya kufika baharini, huko Baricho, huvutwa maji kutoka katika visima vilivyo kwenye mchanga wa mto huo, yakapelekwa Malindi, Kilifi na Mombasa. Fahamuni basi, enyi vijana: mwenye kutupa uchafu mtoni Nairobi huwatupia ndugu zake wa pwani katika njia ya maji yao ya kunywa na ya kutawadhia.

Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kujisaidia katika njia za maji, barabarani na kivulini. Imepokewa pia kwamba alikataza israfu katika udhu, ijapokuwa mtu yuko kwenye mto uendao. Ikiwa kuyapoteza maji hakufai, kuyaharibu kutakuwaje?

Hata kivuli tulichosali hakikubaki bure. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu huu ziligawiwa watu ili wajenge majumba. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche, na tarehe 8 Januari 1999 alipigwa akajeruhiwa kichwani. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rais alitangaza kuzuia ugawaji wa ardhi ya umma. Mama huyu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na kufariki mwaka 2011, hakuwa wa dini yetu. Lakini sisi ambao Mtume wetu ametufundisha kuwa mti aupandao Mwislamu, kila kiumbe alacho humo ni sadaka yake, tunastahili kuwa wa mbele, si wa nyuma, katika jambo hili.

Wazazi, wapelekeni watoto wenu Karura siku ya mapumziko. Chukueni maji, msala na mfuko wa kurudishia taka. Waonyesheni mzeituni, kinamasi na povu lile pia, ili wajue neema ni ipi na dhambi ni ipi. Kisha mkirudi nyumbani, tazameni mfereji wenu waishia wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa amana yake. Amin.