Ufa Niliouziba

Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024, umekaa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa pwani afikapo huko hustaajabu kuona kuwa karibu na Ikweta pana mahali ambapo watu hujifunika mablanketi mawili. Mvua huanza mwezi wa Machi, na kwa kawaida haiagi mpaka Septemba. Asubuhi jua huwaka kwa upole. Alasiri mawingu hukusanyika, upepo hugeuka, na pengine hushuka mvua ya mawe iwezayo kulilaza shamba la mahindi kwa muda mfupi.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu. Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, basi mimi na mwenzangu tukapanga chumba kando ya mji, katika nyumba ndefu ya vyumba 8 iliyoezekwa kwa mabati. Vyumba vyote vilikaliwa na wanafunzi, isipokuwa kimoja cha mama mzee muuza maziwa. Tulimwita Kogo, kama Wakalenjin wamwitavyo bibi, naye alituita wanawe.

Nilikuwa mtu wa kujihadhari, na kwa jambo hilo nilijivuna. Mwezi wa Juni mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, nchini Uganda, na habari ile ilikuwa haijanitoka moyoni. Basi siku moja ya Aprili, nilipoona mawingu meusi kuliko desturi, nilianza kazi. Nilizibua mfereji uliopita mbele ya mlango. Niligongomea misumari bati lililolegea. Nilivifunga vitabu vyetu katika mifuko ya nailoni, nikachomoa nyaya za umeme, nikajaza maji ndoo, nikaweka tochi karibu na kitanda. Kisha nikainua macho, nikaona matundu ya hewa juu ya dirisha. Nikainama, nikaona upenyo chini ya mlango. Nikakumbuka methali niliyofundishwa tangu utoto: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikachukua magunia na magazeti, nikaziba kila tundu.

Mwenzangu alinicheka. "Mwalimu," alisema, "unajenga safina?"

"Utakuja kunishukuru," nikamjibu.

Jioni dhoruba ilishuka. Mawe yalipiga mabati hata hatukuweza kusikilizana, na umeme ukazimika. Kila radi ilipomulika nilihesabu sekunde mpaka ngurumo iliposikika, kwa kuwa sauti huchukua kiasi cha sekunde 3 kwenda kilomita 1. Nilihesabu 9, kisha 6, kisha 3. Baadaye hesabu ikaanza kurefuka, radi ikaenda zake, nasi tukabaki na baridi. Nje mawe yalikuwa yametandaa uani kama chumvi. Tukaliingiza ndani jiko la makaa tulilokuwa tukipikia barazani, tukatia komeo. Chumba kikawa kikavu na chenye joto, wala upepo haukupata njia. Nilijipongeza moyoni.

Kichwa kilianza kuniuma, nikadhani ni uchovu. Mwenzangu alisema kuwa moyo wamchafuka, kisha akanyamaza. Nilipotaka kusimama, miguu ilikataa. Sikuogopa, na hilo ndilo liniogopeshalo hadi leo. Nilitaka kulala tu.

Kogo alikuja kuomba kiberiti. Alibisha hodi, hatukuitika; akabisha tena, hatukuitika. Akaupiga mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Alilitoa jiko nje kwa mikono mitupu, akapiga ukelele, na wanafunzi wa jirani wakatuburuta hadi barazani. Nilipopata fahamu alikuwa ameketi kando yangu, akiwa amekibandika kiganja chake kilichoungua juu ya mawe ya mvua.

"Wanangu," alisema, "mvua mmeifungia nje. Na hewa je, mmeiweka wapi?"

Mwenzangu alilazwa hospitali siku mbili. Mimi nilipona upesi, lakini aibu haikupona upesi. Makaa yawakapo mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Huingia mapafuni na kushika nafasi ya oksijeni katika damu. Mtu huumwa kichwa, hutaka kutapika, hulegea, kisha husinzia usingizi ambao pengine hauna asubuhi. Makaa yetu yalikuwa mekundu, yasiyo na moshi, na kwa sababu hiyo tuliyaamini.

Sasa nafundisha, na wengi wa wanafunzi wangu watatoka shuleni kwenda kupanga vyumba kama kile. Mwaka 2024 mvua na mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule za Kenya mpaka tarehe 13 Mei. Kwa hiyo sina haja ya kuwashawishi kuwa hali ya hewa ni jambo zito. Nawaambia wazibue mifereji mapema, wakaze mabati, wachomoe nyaya, wasijikinge chini ya mti. Nawaambia pia watafute joto katika nguo kavu, katika blanketi, na katika chai iliyopikwa nje. Jiko lenye makaa lisilale na mtu chumbani.

Methali ile naifundisha bado, maana ni ya kweli. Ila nawataka wautazame ufa kabla ya kuuziba, wajue kama ulipasuka wenyewe au uliachwa na fundi kwa kusudi. Matundu niliyoyaziba mimi yalikuwa pua ya nyumba.

Katika chumba nilalacho leo, tundu la juu ya dirisha li wazi. Upepo wa Uasin Gishu huingia humo usiku kucha, nami huongeza blanketi.