Baraza za Nyangwe

Ukiingia Nyangwe, mashariki mwa Kongo, kwa njia ya Kasongo, utaona baraza kabla hujaona mlango. Nyumba ni za matofali au za miti iliyokandikwa udongo, paa za nyasi au manjanja (mabati), na karibu kila moja imenyoosha paa lake mbele likashikwa na nguzo. Chini yake mama anachambua sombe (majani ya muhogo), wazee wanazungumza, mgeni anapewa maji.

Fundi niliyemkuta akijenga kando ya mto Lualaba hakuwa na karatasi ya ramani. Alichomeka vijiti, akafunga kamba: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Vijiti vya baraza ndivyo vilivyotangulia.

“Baba, mbona unaanzia nje?”

“Mwanangu, watu watakaa wapi nikijenga?”

Mpango huo unajulikana pwani nzima ya Waswahili. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa huko waliifanya Nyangwe kituo chao cha pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19. Lakini si kila kitu walikileta wao. Msafiri David Livingstone, aliyefika hapa mwaka 1871, aliandika kwamba nyumba za Wamanyema, wenyeji wa hapa, zilikuwa za pembe nne, kuta za udongo. Naamini ndiyo maana baraza ilishika: ilikuta ukuta ulionyooka wa kuegemea. Msonge ungeikataa.

Urithi huu una damu. Julai 1871 watu wa wafanyabiashara hao walilipiga soko la Nyangwe kwa bunduki, wakafa mamia, wengi wao wanawake. Machi 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya Dhanis, likauteka mji, nao ukabomolewa. Waliobaki walipojenga upya, walijenga na baraza.

Wasanifu wenye majina nao hurudia wazo moja hivi. Frank Lloyd Wright wa Marekani aliweka meko katikati ya nyumba yake ya Oak Park mwaka 1889, akalirudia wazo hilo hadi nyumba ya Fallingwater, miaka 46 baadaye. Hapa wazo ni la mafundi wengi, na limedumu kuliko maisha ya mtu mmoja.

Karibu na soko, nyumba mpya ya saruji imezibwa baraza kwa nondo na kufuli. Sikuipenda. Viti viko salama, ila mpita njia hana pa kupumzika. Mwenye nyumba ameliona hilo: ameshapatana na fundi yuleyule, mvua zikipungua, nondo za upande wa njia zitolewe.