Tulisoma kwa Kifaransa, Tukagombana kwa Kiswahili

Vitabu vya ujana wetu hapa Cyangugu, katika miaka ya 1980, vilikuwa vichache na karibu vyote vilitufikia vimechakaa. Vya Kifaransa vilitoka shuleni na parokiani, au vilivuka mto Rusizi kutoka Bukavu kwenye mikoba ya wanafunzi. Vya Kiswahili vilikuja kwa njia ndefu zaidi. Vilipakiwa melini Kigoma pamoja na shehena za wafanyabiashara, vikavuka Ziwa Tanganyika, vikapandisha bonde la Rusizi hadi Bugarama, pale Rwanda, Burundi na Zaire zilipokutana, kisha vikaishia sokoni Kamembe, karibu na mafungu ya sambaza. Hakuna aliyevileta ili kuviuza. Mtu alikisoma kitabu safarini, akakimaliza, akakiacha mgahawani alipokula, na mwenye mgahawa akawa na binti anayependa kusoma. Binti huyo alikuwa rafiki yangu.

Hivyo ndivyo Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, alivyoingia katika maisha yetu. Katika Kikosi cha Kisasi anapelekwa Kinshasa, na sisi tuliokuwa tukiziona taa za Bukavu kila usiku tulijiona kama watu wanaohusika na kesi hiyo. Wasichana wa Bukavu tuliosoma nao hawakukubali hata kidogo. “Kule Kinshasa banasemaka Lingala!” mmoja alilalamika, na akaona kwamba mwandishi asiyejua jambo hilo hawezi kuaminiwa hata anapoeleza bastola. Nilikuwa bado msichana mdogo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba msomaji ana haki ya kumkosoa mwandishi. Nilijifunza siku hiyo, ukutani karibu na Ziwa Kivu, kutoka kwa mwenzangu wa ng'ambo.

Kitabu kimoja kilipogombewa na wengi, tulikikata uzi wa mgongoni na kukigawa vipande vitatu, ili watu watatu wasome kwa wakati mmoja. Aliyepata kipande cha mwisho alijua mapema nani amekufa, naye aliapishwa asiseme. Baada ya vipande kuzunguka, tulikutana na kila mmoja alitakiwa kusema anaonaje. Kusema tu “ni kizuri” hakukukubalika. Kwa kuwa wa ng'ambo hawakujua Kinyarwanda, na Kifaransa chetu kilikuwa cha darasani, cha kujibia maswali ya mwalimu, mjadala ulikuwa wa Kiswahili. Tulikisoma Kifaransa cha Camara Laye na cha Mariama Bâ, tukagombana kwa Kiswahili. Tulivuka mpaka kwa jeto, kile kikaratasi cha kutwa, na hakuna aliyeona ajabu mtu akivuka kwenda Kadutu, kule Bukavu, kurudisha theluthi ya riwaya.

Kitabu tulichokigombania kuliko vyote kilikuwa Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilizuiwa shuleni Tanzania, habari iliyotufikia pamoja na kitabu chenyewe na kukipa bei. Rosa ni binti wa Ukerewe, kisiwani, msichana wa Kikatoliki anayelelewa na baba mkali na mlevi. Anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana, anakwenda shule ya bweni, anapata uhuru asiofundishwa kuutumia, na mwishowe anajiua. Sisi nasi tulikuwa watoto wa ziwani, tuliolelewa na misa na viboko. Swali letu lilikuwa moja: nani amemuua Rosa? Wa Bukavu walisema baba yake. Mimi nilisema wanaume waliomdanganya. Lakini yule binti wa mgahawa, aliyekuwa akinyamaza hadi wote wamalize, alisema Rosa ameuawa na Kezilahabi. Alisema mwandishi alimpenda Rosa mpaka katikati ya kitabu, kisha akaogopa watu watasemaje, akaamua kumwadhibu. Tulimrukia sote. Hakurudi nyuma. Alituomba tutafute ukurasa ambao Rosa alikuwa na njia nyingine na mwandishi hakuifunga.

Nimesoma uhakiki mwingi wa riwaya hiyo tangu wakati ule, na bado naona hoja yake ndiyo ngumu kuliko zote kujibiwa.

Ushairi haukuwa wa mjadala. Shuleni tulikariri La Fontaine tukiwa tumesimama wima. Nyumbani, waliobahatika walipata Hobe, gazeti la watoto la Kinyarwanda lililoanzishwa na Askofu Aloys Bigirumwami mwaka 1954, na humo mlikuwa na mashairi mafupi ya kusomeana. Cyprien Rugamba tulimsikia redioni. Tungo zake na nyimbo za kundi lake la Amasimbi n'Amakombe zilipoanza, watu wazima walinyamaza. Nasi tulinyamaza pamoja nao. Shairi lilikuwa la kusikilizwa au la kuandikwa kwa siri nyuma ya kaye, daftari la shule, chini ya picha ya ua, na asiwepo wa kulionyesha. Katika miaka yote ile sikumbuki hata mara moja tuliyouliza kama shairi fulani limefaulu.

Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliokimbilia hifadhi hapa mjini walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, na wengine wakaitwa kwa orodha, wakatolewa, wakauawa. Rugamba aliuawa Kigali tarehe 7 Aprili pamoja na mkewe na baadhi ya watoto wao. Yule binti wa mgahawa aliuawa mwezi huohuo. Vitabu vilivyobaki katika nyumba zilizoporwa nilivikuta baadaye sokoni, karatasi kwa karatasi, vikifungia karanga. Miaka miwili baadaye vita ikaingia ng'ambo, na wale wa Bukavu nao wakatawanyika. Sina wa kumwambia kwamba nimeutafuta ukurasa ule na sijaupata.

Nayaeleza haya kwa sababu watu wa rika langu wana tabia ya kusema kwamba vijana wa sasa hawasomi. Si kweli, na inaniudhi. Binti wa kaka yangu, mwenye miaka 17, amesoma vitabu vingi kuliko nilivyosoma mimi nikiwa na miaka 30. Simu yake ina maktaba ambayo parokia yetu haikuwahi kuiota. Watoto wadogo wa leo wana vitabu vya Kinyarwanda vyenye picha za kupendeza, kazi ya Bakame, nyumba ya uchapishaji iliyoanzishwa mwaka 1995, mwaka mmoja tu baada ya maafa, kwa imani kwamba watoto waliobaki wanahitaji hadithi. Sisi hatukuwa na kitu kama hicho.

Walichokosa vijana wa sasa ni kitabu kimoja kinachosomwa na wengi, katika lugha ambayo wote wanaweza kugombania. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba masomo yatolewe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Sababu zake nazielewa: tulikuwa tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na dunia ya kazi ilikuwa imegeuka. Lakini ndani ya nyumba uamuzi huo ulikata uzi. Rafu yangu ya vitabu, niliyoanza kuijaza upya polepole baada ya vita, ni ya Kifaransa, na mpwa wangu anaitazama kama watu wanavyotazama picha za arusi ya babu. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Nilifurahi sana. Nilitembea Kamembe nzima nikitafuta riwaya ya Kiswahili ya kumpa. Nilitaka Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, kwa sababu kijana anayetoka Tanga na kumfuata baba yake hadi Kenya angemwelewa mtoto yeyote wa mpakani. Niliambiwa kuna kamusi na kuna Biblia.

Na hili ndilo linaloniuma zaidi: vitabu vinavyotuhusu vimekuja wakati huuhuu ambao hatuwezi kuvisoma pamoja. Scholastique Mukasonga aliandika Notre-Dame du Nil, habari za wasichana wa shule ya bweni ya milimani, hapa Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambako wasichana wa Kitutsi wanaingizwa kwa asilimia na kila mmoja anajua idadi yao. Kilipata tuzo ya Renaudot mwaka 2012. Sijui kitabu kingine kinachoonyesha kwa uaminifu namna hiyo jinsi ukatili unavyoanza katika maneno ya wasichana wanaosukana nywele. Kisha mwaka 2016 Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura kwa mama Mnyarwanda na baba Mfaransa, akatoa Petit Pays. Gabriel, mtoto anayesimulia, anapelekwa kwa gari kumtembelea mzee wa Kibelgiji anayeishi Bukavu, hapo tunapopaona kutoka barazani kwetu. Na vita inapozidi, jirani yake wa Kigiriki, Bi Economopoulos, anamwazima vitabu, na kila akirudisha kimoja anamuuliza amekionaje. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje.

Petit Pays ilishinda Goncourt des lycéens, tuzo inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa, wapatao 2,000, wanaosoma orodha moja, wanabishana darasani, kisha wanatuma wawakilishi kupiga kura. Ilianza mwaka 1988. Mwaka huo sisi tulikuwa tunagawana vipande vya riwaya ukutani ziwani, tukifanya kazi ileile bila kura. Nawapongeza wale vijana wa Ufaransa, walichagua vizuri. Lakini kijana wa Rusizi ana mambo ya kumwambia Faye ambayo kijana wa Rennes hana. Anaweza kumwambia kama harufu ya ziwa ni hiyo, kama watoto wa mpakani wanaongea hivyo, kama mama wa Gabriel ameandikwa kwa haki. Nataka sauti hiyo isikike, na isikike ikikosoa. Kitabu chetu kikisifiwa mbali kabla hakijabishaniwa nyumbani, hakijakamilika.

Vijana wenyewe wana hoja, ukikaa nao. Mpwa wangu aliniletea The Hunger Games ya Suzanne Collins, iliyotoka mwaka 2008, ambamo watoto wanateuliwa kwa kura wauane huku nchi nzima ikitazama. Nilimwambia sitaweza kuisoma. Kwa mtu wa umri wangu, hapa, orodha ya majina inayosomwa hadharani haiwezi kuwa burudani. Hakukasirika. Alisema: “Shangazi, nyinyi mliyaona na hamtuambii. Huyu mwanamke hajayaona, lakini anatuambia.” Alisema nchi ya kubuni inamruhusu kuuliza maswali ambayo hawezi kumuuliza bibi yake mezani. Hoja hiyo imenikalia. Bado naona kitabu hicho kinaharakisha mno kifo cha mtoto, kinapita haraka kwenda kwenye tukio linalofuata, na yeye anaona mwendo huo ndio ukweli wake. Lakini huu ni mjadala, na mjadala ndio nilioukosa.

Kilichonishangaza kabisa ni ushairi. Ule ambao sisi tuliuficha nyuma ya kaye, wao wanausikiliza kwa pamoja. Junior Rumaga anatoa ibisigo, mashairi yake, kwenye YouTube, kwa Kinyarwanda kizito chenye misemo ya kale, na nimewaona vijana wanne Kamembe wamezunguka simu moja, wanasimamisha, wanarudisha nyuma, wanaulizana neno lile lina maana gani, mmoja anasema mstari huu umelazimishwa. Kaskazini ya ziwa kuna Goma Slam Session, vijana wanaosema tungo zao mbele ya watu kwa Kifaransa na Kiswahili, na video zao zinavuka mpaka bila jeto. Wazee wanauliza kama kitu kisicho na vina ni shairi. Waswahili waligombana juu ya hilo tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na yeye hakuomba radhi. Mimi naona tungo nyingi za slam zinapiga kelele mahali ambapo zingenong'ona, lakini ningetoa rafu yangu yote ili niwe na miaka 16 katika duara lile.

Siku hizi tumepata njia yetu, mimi na binti wa kaka yangu. Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli mwaka 2021, riwaya yake Paradise, iliyotoka mwaka 1994, ilitafutiwa Kiswahili. Ida Hadjivayanis aliifasiri, ikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Ndugu aliyekuwa Dar es Salaam aliniletea. Mpwa wangu anasoma cha Kiingereza, mimi cha Kiswahili. Yusuf ana miaka 12 baba yake anapomtoa kwa tajiri Aziz kufidia deni; anafuata msafara wa biashara hadi bara, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwenye nchi ambazo vitabu vyetu vya zamani vilipita vikija Kamembe. Mwishoni, safu ya askari wa Wajerumani inapopita, Yusuf anakimbia kuifuata, anamwacha Amina aliyempenda.

Tumekwama hapo. Nimemwambia kwamba mvulana anayetoka kwa bwana mmoja akakimbilia jeshi la bwana mwingine hajachagua kitu. Yeye anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza katika kitabu kizima Yusuf anatumia miguu yake bila kutumwa, na kwamba ninamhukumu kwa mambo ya vita ninayoyajua mimi na ambayo yeye Yusuf hakuyajua. Sikubaliani naye. Jumamosi anakuja na kitabu chake ili anionyeshe ukurasa.