Siku ya Slabu, Nsambya

Zamani mtu akitaka kumwaga slabu hapa Nsambya, hesabu ya kwanza ilikuwa watu. Jioni ya kuamkia siku yenyewe fomeni alishuka Katwe, akazunguka Kibuli, akarudi kwa njia ya kambi ya polisi, na kila palipokuwa na kijiwe cha vijana akatangaza kwamba kesho kuna slabu. Saa kumi na mbili asubuhi walikuwa wamejaa langoni, wengine na makarai yao wenyewe. Mwenye nyumba alikuwa ameshanunua unga wa posho na maharagwe, tena ya kutosha, maana kibarua aliyelishwa vibaya siku ya slabu humwaga nusu ya zege njiani.

Nimekulia nyumba za reli. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, na wazee wetu walioishi kilimani hapa walitoka kila upande treni ilikopita: Wajaluo, Wateso, Wasamia, Waganda. Kiswahili kilikuwa lugha ya uani, kama kilivyokuwa kwa majirani zetu askari, kikaingia na saitini kikiwa kimechovywa Kiganda. Nyumba zenyewe zimeshabomolewa, na watu wametawanyika hadi Namuwongo na mbali zaidi. Sitaki kuliingia hilo leo, nikiliingia sitatoka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa kuhesabu mifuko ya saruji, ya Tororo au ya Hima. Mfuko mmoja kwa visanduku viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Mchanga wa Lwera, kokoto za kupondwa kwa nyundo, kama zile za akina mama wa machimbo ya Kireka. Kwa kuwa karani hana la kufanya mifuko ikishahesabiwa, nilipiga hesabu za makarai. Chukua slabu ya mita 200 za mraba, unene wa sentimita 15. Hiyo ni mita 30 za ujazo. Karai lililojaa vizuri hubeba kama lita 10, kwa hiyo ni makarai 3,000, kila moja uzito wa kilo 24 hivi, na yote yapande ghorofani kwa ngazi ya mikaratusi iliyofungwa kwa misumari na matumaini. Kufika jioni, tani 70 na zaidi zilikuwa zimepita kwenye mikono ya watu.

Wajanja walipunguza mzigo kwa kupanga vigae vya maxpan kutoka Kajjansi, vile vya udongo vyenye uwazi ndani. Zege likajaa katikati ya mistari tu na juu yake tabaka jembamba. Nyumba nyingi za kilima hiki zimesimama hivyo mpaka leo.

Na ulikuwa mchezo mzuri kuutazama. Mstari mmoja unapanda na makarai yamejaa, mwingine unashuka nayo matupu, mashine ya kuchanganyia inanguruma, mzee mmoja anaimba na wote wanaitikia kwa hatua. Mwisho wa kazi kila mtu alilipwa papo hapo, pesa mkononi, na siku ya slabu ililipwa zaidi ya siku ya kawaida. Kwa mtoto wa mjane aliyekaa wiki nzima bila kibarua, slabu moja ilikuwa karo.

Lakini nikipita leo chini ya slabu za wakati ule, naweza kukuonyesha saa ya chakula cha mchana. Iko darini. Ni ule mstari wenye doa la maji, pale ambapo watu walikwenda kula, zege la asubuhi likaganda, na la mchana likamwagwa juu yake bila kushikana nalo. Penye mistari miwili ujue mchana mvua ilinyesha. Mvua za huku, kwa kuwa ziwa liko karibu, haziombi ruhusa. Wahandisi walitufundisha pa kusimamisha kazi ili kiungio kikae mahali salama, ila watu mia wakishashika sahani, mchoro wa mhandisi hausomwi na yeyote. Kwa hiyo anayeniambia kwamba ujenzi wa zamani ulikuwa imara kwa sababu ulikuwa wa mikono, namwalika tu atazame juu.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, barabara ya Entebbe, iliporomoka ikaua watu waliokuwa kazini, na wenye pesa wakaanza kuogopa. Mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya udhibiti wa majengo. Zege la kiwandani, linalokuja na karatasi yake na kupimwa kwa vipande vinavyovunjwa siku ya 7 na ya 28, likawa kitu cha kujivunia. Nyuma yake ikaja pampu. Ujerumani walikuwa wakisukuma zege kwenye mabomba tangu miaka ya 1920, kabla treni haijatufikia. Sisi tuliipata tukiwa wazee.

Waliotuletea hamu yake ni vijana waliorudi kutoka Dubai. Huko walikuwa wameona, au wamesikia kwa walioona, Burj Khalifa ikipandishiwa zege hadi mita 606 bila karai hata moja. Kijana wa namna hiyo akipewa usimamizi wa nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya Hospitali ya Nsambya, neno la kwanza ni pampu. Mwenye nyumba naye anakubali haraka. Pampu ikisimama langoni mwako, majirani wanajua umefika.

Wakitaka kujua kama wakodi pampu, wengi huanza kwa kuuliza urefu wa jengo, na mimi huwaambia urefu waufikirie mwisho. Kwanza niambie kazi hii inaweza kukatizwa au haiwezi. Slabu pana haiwezi, na hapo pampu inalipa gharama yake, kwa sababu zile mita 30 zilizotuchukua kutwa nzima inazimaliza kwa saa mbili au tatu, na alama ya chakula cha mchana haionekani tena darini. Karibu na hospitali kuna faida nyingine: kelele zinakwisha mapema, na wagonjwa wa masista wanalala.

Kisha niambie barabara. Lori la zege likiwa na mita 8 ndani yake linapita tani 25. Vichochoro vyetu ni vya murramu, vinateremka, na pembeni yake yamezikwa mashimo ya choo ambayo walioyachimba walishakufa. Pampu yenye mkono mrefu inataka kutandaza miguu yake kwenye ardhi inayoaminika, mbali na nyaya za umeme, na Nsambya nafasi ya hivyo ni bahati. Mara nyingi inabaki ile ya kulaza mabomba chini, yakapita getini na kupanda ukutani. Hiyo ni sawa, ilimradi malori yafike. Zege linatakiwa liwe limekaa mahali pake ndani ya kama dakika 90 tangu lichanganywe, na barabara ya Ggaba jioni inaweza kuula muda huo wote kati ya Kabalagala na taa za barabarani. Nimeona pampu ikisubiri lori juani, zege likiwa limetulia ndani ya bomba kama chakula kilichomkaba mtu kooni, na mafundi wakifungua bomba moja moja na kuligonga kwa nyundo. Siku hiyo kila mtu alitamani makarai.

Mchanganyiko nao ni mwingine kabisa. Zile kokoto za nyundo, moja kubwa moja ndogo, haziendi. Pampu inataka kokoto za kuchekechwa, mchanga mwororo wa kutosha, na zege laini kuliko tulilozoea. Wazee wakiliona wanasema ni uji. Ulaini huo unapaswa kutoka kiwandani, kwa dawa yake. Akitokea mtu na mpira wa maji akaliongezea pale mdomoni mwa pampu ili lipite haraka, basi kweli limekuwa uji, na nguvu imekwenda na maji. Mbao za nguzo pia zikumbukwe: zilizovumilia karai baada ya karai hupasuka zege likipanda kwa kasi ya mashine.

Majuzi mwenye nyumba mmoja upande wa barabara ya Ggaba aliniita. Slabu yake ilikuwa ya pampu bila ubishi. Alipotaka na msingi wa ukuta umwagwe kwa pampu siku nyingine, nilikataa. Bomba la inchi 5 lenye urefu wa mita 100 linabaki na zege zaidi ya mita moja ya ujazo ndani yake kazi ikisha, na msingi wote ulikuwa mita sita. Huo nilimwambia awape watu wa makarai, akakubali kwa shingo upande.

Siku ya slabu walihitajika watu wachache tu, wa kuhamisha mabomba, kusambaza na kushika vibreta. Wengine waliokuwa wamekuja asubuhi waliambiwa warudi. Mama mmoja, ambaye ujana wake wote aliubeba kichwani kwenye slabu za kilima hiki, hakurudi. Alingoja mpaka nikatoka.

"Mzee, hilo zege linalobaki kwenye bomba mnalimwaga wapi?"

"Popote, mama. Tunatafuta shimo."

"Msitafute. Nyumbani kwangu ni ukuta huo wa pili. Niambie tu saa, niwe nimeshapanga mbao."

Alikuwa ameshapima: sakafu ya jiko na njia ya kwenda chooni, unene wa sentimita 10. Nilipiga hesabu haraka nikaona litatosha, na la ziada kidogo kwa ngazi ya mlangoni. Fundi wa pampu akadai soda mbili kwa kulisogeza bomba hadi kule. Mama akampa moja.