Siku Moja na Kamera: Kibera na Kawangware

Mtu atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwa kufuata Barabara ya Ngong, akipinda kushoto penye Soko la Toi, huona mbele yake mapaa ya mabati yaliyosongamana kuteremka bondeni. Hapo ndipo Kibera. Akirudi barabarani na kuendelea mpaka Dagoretti Corner, kisha akapinda kulia kwa Barabara ya Naivasha, huingia Kawangware. Kikundi cha watu wajifunzao kupiga picha chaweza kuizunguka mitaa hiyo yote miwili kwa siku moja, na kurudi kimepata elimu isiyomo katika kitabu cha kamera. Lakini kabla ya kujifunza mwanga na lenzi, yawapasa kwanza kujiuliza: je, picha ya mtu ni mali ya nani?

Yafaa safari ianze Kibera, na ianze mapema. Nairobi u karibu na Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, nalo hupanda upesi. Ifikapo saa nne mabati yang'aa kama kioo, huku vichochoro vikiwa gizani. Jicho la binadamu lavumilia tofauti hiyo, bali kamera haiivumilii. Mwanafunzi akipima mwanga wa mabati, uso wa mama auzaye mboga kivulini hugeuka doa jeusi. Yampasa apime mwanga wa uso, hata kama mbingu itatoka nyeupe tupu. Jambo hili si dogo. Kwa miaka mingi rangi za filamu za Kodak zilisawazishwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na nyuso za watu weusi zikawa zatoka hafifu. Tangu zamani kamera ilihitaji kufundishwa kumwona Mwafrika.

Tena yafaa wanafunzi wasiandamane kama jeshi, bali waende wawili wawili pamoja na mwenyeji. Huyo mwenyeji atawaonyesha yasiyoonekana. Kibera ilianza kama makao ya askari. Wanubi wenye asili ya Sudani, waliotumika katika King's African Rifles, waliwekwa hapo, na mwaka 1918 eka 4,197 zikatengwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Neno Kibra kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hati ya eka 288. Katika sehemu nyingine kubwa ardhi ni ya serikali, na wakazi wengi ni wapangaji. Asiyejua habari hizi hupiga picha ya tope na bati, akadhani ameipata Kibera. Azijuaye huona kijiji chenye wazee, misikiti, makanisa, shule, na madai ya ardhi yaliyodumu zaidi ya miaka mia.

Mwaka 2009 wafaa kukumbukwa na kila mpiga picha aendaye huko. Wengi walikuwa wakiandika kwamba Kibera ina watu milioni moja; hesabu ya watu ya Agosti mwaka huo ilipata watu 170,070. Wako waliobisha hesabu hiyo, lakini yaonyesha jinsi picha ya mapaa yasiyo na mwisho iwezavyo kumfanya mtu aamini lolote aambiwalo. Mwaka huohuo vijana wa Kibera walianza kuichora ramani ya mtaa wao, wakitembea na vyombo vya kupimia mahali, kwa kuwa katika ramani nyingi za wakati ule Kibera ilikuwa nafasi tupu.

Na mwezi wa Januari mwaka huohuo Mfaransa mmoja ajulikanaye kwa jina la JR aliyafunika mapaa ya Kibera, kadiri ya mita za mraba 2,000, kwa picha za nyuso na macho ya wanawake wa hapo. Picha hizo hazikuwa za karatasi, bali za kitambaa cha plastiki kisichopenya maji, hata zikawa kinga ya mvua kwa nyumba zilizokuwa zikivuja. Mengine aliyabandika kwenye mabehewa ya gari la moshi lipitalo katikati ya Kibera. Gari lilipopita, macho yaliyokuwa juu yake yalikutana na pua na midomo iliyokuwa kwenye mabati chini ya reli, na kwa nukta moja uso ukatimia. Watu waweza kubishana juu ya uzuri wa kazi ile. Lakini wanawake wale walijua picha zao zilikokwenda, na zilirudi kuwafaa nyumbani.

Baada ya chakula cha mchana kikundi chaweza kupanda matatu kwenda Kawangware. Katika jina hilo mna neno la Kikikuyu ngware, yaani ndege kware. Hapa habari ya ardhi ni nyingine. Upande huu wa Dagoretti ulikuwa wa wakulima Wakikuyu kabla ya kuingizwa mjini, na mpaka leo viwanja vingi vina hati za watu binafsi. Vyumba vimejengwa kwa safu ndani ya ploti, na mlangoni mwa ploti mna lango. Basi mpiga picha hana budi kubisha hodi, kumwamkia mwangalizi, na kueleza shabaha yake. Mama afuaye nguo uani aweza kukataa. Akikataa, kamera na ishuke, wala asishawishiwe kwa fedha wala kwa maneno matamu. Akikubali, na aonyeshwe picha yake papo hapo, naye akiichukia ifutwe mbele ya macho yake.

Jambo hili si adabu tu, bali ni sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yaihesabu sura ya mtu kuwa habari yake mwenyewe. Mwezi wa Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, si mbali na Kawangware, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huohuo nyumba moja ya starehe mjini ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa sababu ya picha ya mgeni wake. Basi anayepiga picha za watoto wachezao mpira njiani, kisha akazitangaza bila kuwauliza wazazi, asidhani kwamba ufukara wa mtaa umemfutia sheria.

Jioni, wanafunzi wakikaa kuchagua picha zao, wengi huona kwamba zile walizoziiba kwa mbali ni dhaifu, na zile walizoziomba zina uhai. Hapo mwalimu mwema aweza kuwakumbusha habari za Mathare, upande wa pili wa mji. Huko mwaka 1997 vijana 31 walipewa kamera za bei rahisi na kufundishwa kupiga picha za maisha yao wenyewe. Picha zao zilitolewa katika kitabu, zikaonyesha mambo ambayo mgeni asingeruhusiwa kuyaona, kwa kuwa wapigaji walikuwa watoto wa nyumbani.

Siku hizi karibu kila mtu ana kamera ndani ya simu yake, awe karani mjini au mkulima shambani. Basi kila mmoja na aombe kabla ya kupiga, aeleze picha itakwenda wapi, na akiisha kuisafisha ampelekee mwenyewe nakala moja. Nakala hiyo haigharimu fedha nyingi. Mama wa Kawangware aliyeitundika picha yake ukutani, siku nyingine akiona kamera langoni, atafungua.