DAC na Amplifaya ya Hedifoni: Kununua Ulaya, Kununua Kariakoo

Wimbo uliomo ndani ya simu ni tarakimu tupu, ilhali hedifoni huhitaji umeme unaopanda na kushuka. Kigeuzi kinachojulikana kwa ufupi kama DAC huzigeuza tarakimu hizo kuwa umeme; amplifaya huupa umeme huo nguvu ya kuendesha hedifoni. Simu yenye tundu la hedifoni kwa kawaida huwa na vyote viwili ndani. Apple ilipoliondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata, kazi hiyo ilihamia nje: kwenye adapta fupi ya waya, au kwenye kiboksi cha mfukoni chenye betri yake.

Anayechagua kifaa huanza na hedifoni alizonazo. Ukinzani wake hupimwa kwa omu, na unyeti wake, yaani sauti inayotoka kwa kiasi fulani cha umeme, hupimwa kwa desibeli. Eafoni nyingi zina omu 16 hadi 32, na simu huzimudu bila taabu. Sennheiser HD 600 ina omu 300. Volti zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 6. Kwa hedifoni za aina hiyo, kifaa cha volti 2 kina maana. Ukinzani wa kifaa chenyewe nao usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni, la sivyo uwiano wa besi na sauti nyembamba huweza kuvurugika. Tarakimu kubwa za kilohezi zinazopamba maboksi hazina uzito huo: kilohezi 44.1 na biti 16 za CD zinatosha kwa sikio la binadamu.

Tofauti kubwa kati ya Ulaya na nyumbani Afrika Mashariki iko kwenye wakati wa kuamua. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji inampa anayenunua mtandaoni siku 14 za kurudisha bidhaa bila kutoa sababu. Mnunuzi wa Berlin anaweza kuagiza vifaa viwili, akavilinganisha sebuleni kwake, kisha akarudisha kimoja. Hulipa kwanza, sikio likaamua baadaye.

Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, risiti nyingi husema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hapo sikio lazima liamue kabla ya pesa kutoka. Faida ni kwamba muuzaji yupo, na boksi linaweza kufunguliwa palepale. Mteja aende na simu yake, hedifoni zake na nyimbo alizozizoea. Kama simu ina tundu lake, kama zilivyo nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki, aanze kusikiliza hapo. Kifaa kipya kisipoleta tofauti, hakuna sababu ya kukinunua. Baadhi ya adapta za bei ya chini hazina DAC kabisa, na kwenye simu nyingi hukaa kimya. Kipimo ni kuichomeka kwenye laptopu yenye USB-C: kifaa kipya cha sauti kikitokea kwenye orodha, chipu imo. Wimbo usimamishwe ili kusikiliza kama kuna mvumo, kisha pini itikiswe taratibu. Sauti ikikatikakatika, tundu limelegea.

Ndugu walio ughaibuni wanaonunua kwa ajili ya watu wa nyumbani husimama kati ya taratibu hizi mbili. Haki ya siku 14 haina msaada mkubwa kifaa kikishafika Dar es Salaam, kwa hiyo kijaribiwe kabla begi halijafungwa. Nchi kinakonunuliwa nayo ina uzito: adapta ya Apple ya USB-C inayouzwa Ulaya hutoa takriban volti 0.5, ile ya Marekani volti 1, na kwa HD 600 hiyo ni desibeli 6 zilizopotea. Tena kwenye baadhi ya simu za Android adapta hiyo hutoa sauti ya chini kuliko uwezo wake. Kabla ya kununua, basi, mnunuzi amuulize mpokeaji mambo mawili: anatumia simu gani, na hedifoni gani.