Baiskeli ya kwanza Iten

Iten, mji wa Kenya ulio mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, unajulikana kwa wakimbiaji wake. Jumamosi moja, kijana wa miaka 15 alitoka nyumbani akisukuma baiskeli yake ya kwanza ya mbio: ya mtumba, matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Usiku kucha hakulala.

"Baba, nataka kushuka hadi Tambach."

Barabara hiyo ya lami huteremka kwa kona kali kuelekea Bonde la Kerio, na malori hupita humo. Baba aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha, akabana breki. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Kijana akanyamaza.

Fundi alitoa raba za breki zilizokwisha, akaweka mpya, akakaza waya. Ndipo kijana akavaa helmeti, akashika barabara ya Eldoret, isiyo na mteremko mkali kama ule. Alikanyaga kidogo tu, baiskeli ikachomoka. Upepo ukajaza shati. Alirudi akihema, meno yote nje.

"Na Tambach je?"

"Tambach haihami, mwanangu. Jumamosi zipo nyingi."